Wimbo Mmoja, Pande Mbili

Mwaka 1969 bendi ya King Crimson ya Uingereza ilitoa albamu yake ya kwanza: nyimbo tano tu kwenye santuri ya inchi 12. Mwaka uliofuata bendi ya Morogoro Jazz, Mbaraka Mwinshehe akiwa kwenye gitaa la solo, iliiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya Expo 70 huko Osaka. Ukiitafuta albamu yao ya kwanza utahangaika, maana mashabiki walinunua muziki wao kwa santuri za inchi 7, na zile ndizo zilizoamua wimbo uundwe vipi.

Santuri kubwa huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, na upande mmoja hubeba dakika 20 hivi. Ndogo huzunguka mara 45. Dakika nne au tano, umejaa. Ukilazimisha zaidi, mistari inayofuatwa na sindano hubanana, sauti ikashuka, na besi huumia kwanza kwa sababu mawimbi yake hula nafasi kubwa. Sasa dansi bila besi nani atalicheza?

Ukumbini, chini ya milima ya Uluguru, katika mji wa Morogoro ambao pia ulikuwa na bendi ya Cuban Marimba ya Salum Abdallah, wimbo uliendelea mradi watu wanacheza. Kwenye santuri ulikatwa: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule. Wapo wanaouona mkato huo kama kasoro. Mimi naona uliwapa wapigaji ramani. Upande wa kwanza ni wa maneno: beti, kiitikio, solo ikijibu mwishoni mwa mstari kisha ikijiweka kando. Upande wa pili magitaa hushika usukani.

Hapo iache solo kwanza, usikilize gitaa linaloisindikiza. Linarudia kipande kifupi kilekile, noti zake zikiingia kwenye mapengo ya gitaa la rithimu. Besi nayo huyaacha mapigo mengine yapite. Kwa kuwa wenzake wameshikilia mwendo, Mbaraka anaweza kuchelewa, kuruka pigo, hata kunyamaza kidogo, na wimbo usianguke. Uhuru wake umejengwa na wasiosifiwa.

Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz, akaunda bendi ya Super Volcano. Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari nchini Kenya. Santuri kubwa za Ukumbusho, ambazo wengi huziita albamu zake, kampuni ya Polygram ya Nairobi ilizitoa baadaye. Mpangilio wa nyimbo zile si wake.