Ngalawa Isiyorudi Kuvua

Ngalawa ya mashindano huanza maisha yake kama ngalawa nyingine yoyote ya Pemba. Hutoka usiku na mishipi na taa, hurudi alfajiri na changu na tasi, ikihitajika hupakia mchanga, na kwenye msiba huvusha watu kwenda kuzika kisiwa cha pili. Miaka hupita. Kisha wazee wa bandarini huanza kunong'ona kwamba chombo cha fulani kina mbio, kwamba hata kikiwa kimesheheni huwaacha wenzake, sembuse kikivuliwa uzito. Mwenyewe hukaidi, maana ngalawa ni riziki. Akishakubali huitwa fundi, na fundi akishatia tezo hakuna tena kurudi nyuma. Mti uliopunguzwa kwa ajili ya mbio hauwezi kustahimili mzigo wa nyavu wala kuburutwa juu ya mawe kila kukicha.

Kazi hiyo nimeitazama ufuoni Wete, chini ya mkungu, ikifanywa na mzee ambaye jina lake silitaji kwa kuwa mwenyewe hapendi kutajwa. Na katika yote niliyoyaona mikononi mwake, lililonikaa moyoni kuliko mengine ni namna alivyokuwa akigonga.

Ngalawa hufunguliwa viungo vyake, ikapinduliwa juu ya magogo, ikaachwa ikauke. Vijana huwa na haraka, wanataka kuona vipande vikiruka. Yeye hukaa kitako pembeni yake, mikono mitupu, akaanza kugonga kwa kifundo cha kidole kuanzia tezi hadi omo. Hugonga, husikiliza, husogea shubiri moja, hugonga tena. Penye mlio mzito huweka alama ya kaa. Penye mlio mkavu hupitisha kiganja, akatikisa kichwa, akasogea. Mwembe, ambao ndio mti wa ngalawa, haukui sawasawa, ubavu mmoja huwa na moyo mgumu, mwingine una fundo lililojificha, na aliyeuchonga mara ya kwanza, pengine miaka ishirini nyuma, aliacha unene pale alipochoka. Yote hayo mzee huyasikia. Nilimwuliza siku moja anajuaje kuwa amefika mwisho wa kupunguza. Akanijibu: "Mti wenyewe hukwambia basi, mwanangu. Ukiupita hapo, bahari ndiyo itakayokwambia."

Nilimwona pia akiacha. Chini ya guu la mlingoti hakugusa kabisa. Pale miti ya kushikia marengu, yale maboya ya mbao ya ubavuni, inapolala juu ya ubavu aliacha unene wote, na kijana mmoja alipotaka kupunguza ili "isawazike," alimnyang'anya tezo bila ya kusema neno. Tanga kubwa likijaa upepo, nguvu yote hukimbilia sehemu hizo, na ngalawa iliyochongwa sawasawa kila mahali hupasuka mahali pamoja. Kwa jicho la mpita njia ile ngalawa ilionekana haijakamilika, huku nyembamba, kule nene. Baharini ilinyooka.

Ukiisha mti, hufuata mengine. Mbao za kukalia hutolewa, hubaki mbili. Marengu mazito ya uvuvi hubadilishwa kwa mepesi. Mlingoti huongezwa urefu, na foromali, mti unaobeba tanga, nayo. Tumbo la nje husuguliwa, zamani kwa majani ya msasa, sasa kwa karatasi ya dukani, huchomwa kwa moto wa makuti kuua wadudu, likapakwa mafuta hadi maji hayapati pa kushika. Tanga huwa ni jipya, na hapa naomba niseme wazi kwamba tanga la mashindano ni la kitambaa cha marekani, limeshonwa kwa mkono, na dasi yake, kamba ya pindoni, imekazwa kwa kipimo. Upepo ukilegea, baharia hulirushia maji ili nyuzi zivimbe zizibe matundu. Turubai na viroba vya mchele vilivyoungwaungwa havina jibu kwa maji hayo.

Sasa chombo ni chepesi, na wepesi ni hatari. Ngalawa ya kuvulia hutulizwa na mzigo wake mwenyewe, hii haina mzigo. Basi uzito uliotolewa kwenye mti hurudishwa kwa watu. Mabaharia hupanda juu ya miti inayoshika marengu, upande wa joshini unakotoka upepo, mmoja nyuma ya mwenzake, migongo yao inakaribia maji, na nahodha akipaza sauti hurudi ndani kwa pamoja. Chombo kikigeuka, foromali hupitishwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, na hapo ndipo nyingi hupoteza mashindano, kwa kuwa ni nukta chache ambazo chombo hakina tanga wala mizani. Fundi mzuri huifikiria nukta hiyo tangu yuko chini ya mkungu.

Historia ya ufundi huu ni ndefu kuliko kumbukumbu zetu. Msafiri wa Kiyunani aliyeandika mwongozo wa bahari hizi mnamo karne ya 1 alitaja kisiwa alichokiita Menuthias, chenye vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya mti mmoja. Wataalamu hubishana kama ni Pemba, Unguja au Mafia. Mimi Mpemba, nina jawabu langu. Marengu ya pande mbili yalitoka mashariki ya mbali, kwa watu wale wale waliovuka bahari hadi Bukini, yaani Madagaska. Aliyeshindana wa kwanza ni nani, hakuna kitabu kitakachotwambia, ila wavuvi wawili wanaorudi na samaki wabichi kuelekea soko moja, kama lile la Tumbe, hawahitaji mtu wa kuwafundisha mashindano.

Vijana wa Chake Chake siku hizi wanaupenda ufundi huu huu bila ya kujua kuwa ni wao. Hukaa barazani na simu zao wakitazama magari ya kifahari yakivuliwa viti, mazulia na redio, milango ikibadilishwa kwa myepesi, vyuma vya kinga vikiunganishwa ndani, hadi gari linabaki kuwa la uwanjani tu, haliwezi tena kwenda sokoni wala kupeleka mtoto skuli. Wanayajua mambo hayo kwa undani unaonishangaza. Nikawaambia Afrika Mashariki iliuona ufundi huo kabla wao hawajazaliwa. Datsun 240Z, gari la watu wawili lenye injini ya silinda 6, lilitengenezwa upya kwa vumbi na matope ya mbio za magari za Safari, likashinda mwaka 1971 na tena mwaka 1973. Mara hiyo ya pili dereva alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na msomaji wake wa njia Lofty Drews. Walimaliza wakiwa sawa kwa pointi na Harry Källström, naye akiwa ndani ya Datsun ya aina nyingine, ikabidi kitafutwe kigezo cha kuwatenganisha. Baada ya maelfu ya kilomita, tofauti ilikuwa nyembamba kiasi hicho. Majina ya madereva yamehifadhiwa. Ya mafundi waliokesha wakipima kipi kitoke na kipi kibaki, ni nani anayeyakumbuka?

Na sisi ndivyo tunavyowafanyia mafundi wetu wa ngalawa. Resi za ngalawa zimekuwa pambo la sherehe. Tangazo hutoka wiki moja kabla, na wenye ngalawa huja na vyombo vilivyotoka kuvua jana yake, vina magamba ya samaki na maji ya ngama, matanga yametobokatoboka. Huzungushwa maboya mara moja, picha zinapigwa, bahasha zinatolewa, watu wanaondoka. Lamu wenzetu bado wana mashua zenye majina na washabiki, mitaa inagombana kwa ajili yao. Sisi tumeridhika na kuona matanga tu, yoyote yawayo.

Simlaumu mvuvi anayehamia boti ya faiba na mashine. Bahari ya Kojani na Msuka ni kali, kaskazi haina huruma, na anayerudi salama na samaki tele ana haki ya kuchagua chombo chake. Miembe mikubwa nayo imekuwa adimu, hukatwa kwa kuni na viwanja vya nyumba kabla haijafikia unene wa ngalawa. Ninalolalamikia ni uvivu wetu sisi tunaoandaa na tunaotazama, sisi tunaosema tunaenzi utamaduni na hatumpi fundi hata mwezi mmoja wa kufanya kazi. Mkono unaosikia unene wa mti kwa kifundo cha kidole hauwezi kununuliwa wiki moja kabla ya sherehe. Mzee wangu wa Wete hana mwanafunzi. Wajukuu wake wanampenda, humletea kahawa, humpiga picha akigonga. Hakuna aliyemwomba agonge yeye.

Mashindano ya Januari, ya kusherehekea Mapinduzi, huangukia wakati wa kaskazi. Basi kamati zitangaze tangu Septemba, kusi inapolegea, ili vyombo vichaguliwe, vikaushwe na vishughulikiwe inavyostahiki. Kila bandari ilete ngalawa moja iliyotengwa kwa mbio peke yake, na mwenyewe alipwe fidia ya chombo alichokitoa kwenye uvuvi. Fundi apate fungu lake katika zawadi, awe na kijana wa kumshikia tezo anayelipwa. Na siku ya resi, kipaza sauti kinaposoma jina la ngalawa na la nahodha, kisome na jina la fundi.