Pongezi kwa vikundi vya akiba vya Gisenyi

Nyumba ya mwenzako kazini ikiungua, pole peke yake haimtoshi. Usiku huohuo anahitaji godoro, sufuria, na sare za watoto za kwendea shule. Hapa Gisenyi, Rwanda, wanaowahi kufika na pesa mkononi mara nyingi ni wenzake wa ikimina, kikundi cha kuweka akiba.

Nawapongeza kwa dhati. Sanduku lao la chuma lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Halifunguliwi ila mbele ya wanachama. Kando ya akiba wana fungu la ingoboka, la msiba, ugonjwa na majanga kama moto. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, nao huleta mikono ya kukanyaga udongo na kusimamisha kuta.

Mji huu umeonja hasara. Mei 2021 mlima wa volkano wa Nyiragongo ulilipuka, matetemeko yakapasua nyumba. Mei 2023 Mto Sebeya ukafurika na kuzoa makazi.

Waajiri wa wilaya yetu ya Rubavu, nawaomba: changieni ingoboka ya wafanyakazi wenu mapema, kabla moto haujawaka.