Tume ya Utumishi ya Michigan: Uchambuzi wa Ibara ya 1940

Makada wengi wakisikia "tume ya utumishi" hufikiri ni shauri la maofisini tu: mitihani, vyeo na mafaili. La hasha. Nani anaajiri na nani anafukuza ni swali la madaraka. Ndiyo sababu tumechagua kuichambua ibara ambayo wapiga kura wa jimbo la Michigan, huko Marekani, waliiingiza katika katiba yao Novemba 1940.

Kabla ya hapo chama kilichoshinda uchaguzi kiligawa kazi za serikali kama ngawira, na karani wa upande ulioshindwa alifungasha virago. Mwaka 1937, wakati wa Gavana Frank Murphy, ilipitishwa sheria ya kuajiri kwa sifa. Mwaka 1939 Bunge la jimbo, likiwa mikononi mwa chama kingine, liliifyeka sheria hiyo. Ndipo zikakusanywa saini, shauri likapelekwa moja kwa moja kwa wapiga kura bila kupitia Bunge.

Ibara yenyewe imeandikwa na watu waliokwisha kuumwa na nyoka. Makamishna ni wanne, wa chama kimoja wasizidi wawili, na kila mmoja hukaa miaka minane ili gavana asiwabadilishe wote kwa mkupuo. Tume ndiyo inayopanga vyeo na viwango vya mishahara. Hata fungu lake limo katika katiba: lisipungue asilimia 1 ya jumla ya mishahara ya watumishi. Walitambua kwamba Bunge lisiloweza kuiua tume kwa sheria litaiua kwa njaa. Hapo tunawasifu bila kusita, maana wengi wanaounda vyombo vya haki husahau mfuko.

Lakini makamishna hao huteuliwa na gavana, na umma uliotia saini haukujiachia njia ya kuwahoji. Kasoro kubwa zaidi inamhusu mtumishi mwenyewe. Miaka michache tu nyuma, 1936 hadi 1937, wafanyakazi wa magari wa Flint, katika jimbo hilo hilo, waligoma kwa kukaa ndani ya viwanda mpaka General Motors ikakitambua chama chao. Mtumishi wa jimbo alikingwa asifukuzwe kwa siasa. Kupatana mshahara kupitia chama chake hakukutajwa. Ibara ilimhesabu kuwa mtu wa kulindwa, siyo mtu wa kuzungumza naye.

Polisi wa jimbo waliipata haki hiyo katika katiba kwa kura ya mwaka 1978. Watumishi wengine waliipata kwa kanuni za tume, na kilichotolewa kwa kanuni huweza kuondolewa kwa kanuni. Mwaka 2002 pendekezo la kuiweka haki yao katika katiba lilifikishwa mbele ya wapiga kura. Walilikataa.