Kizingiti, Disketi na Kitanda: Ufundi wa Kudokeza katika Buffy the Vampire Slayer

Buffy the Vampire Slayer ni tamthilia ya televisheni iliyobuniwa na Mmarekani Joss Whedon. Ilianza kurushwa tarehe 10 Machi 1997 na ikafikia tamati tarehe 20 Mei 2003, baada ya misimu 7 na sehemu 144. Mhusika mkuu, Buffy Summers, anayeigizwa na Sarah Michelle Gellar, ni msichana wa sekondari aliyeteuliwa kuwa Muuaji, mwenye nguvu za kupambana na wanyonya damu na mashetani. Anaishi Sunnydale, mji wa kubuni wa California uliojengwa juu ya Mdomo wa Jehanamu, na mdomo wenyewe uko chini ya maktaba ya shule. Shule iliyokalia jehanamu ndiyo taashira mama ya kazi nzima: machungu ya ujana yanapewa mwili, meno na kucha. Msichana asiyetazamwa na yeyote darasani anageuka asionekane kabisa. Mpenzi mpole anaamka baada ya usiku wa kwanza wa mapenzi akiwa katili, kwa sababu laana imemwondolea roho.

Taashira na udokezi hufundishwa kama mbinu mbili, lakini katika tamthilia hii ni vigumu kuzitenganisha. Kitu kinachobeba maana leo ndicho kinachokuja kuwa habari ya msimu ujao. Uhodari wa waandishi wake ni kuhakikisha kwamba kitu hicho kina kazi kamili pale kilipo, kiasi kwamba hata asiyetazama sehemu nyingine hakosi kitu. Kidokezo kisicho na kazi ila kudokeza hujitangaza. Mtazamaji hukishika mara moja na kuanza kukingojea.

Kizingiti cha nyumba kinaonyesha jambo hili vizuri. Kwa kanuni ya tamthilia, iliyorithiwa kutoka hadithi za kale za Ulaya, mnyonya damu hawezi kuingia nyumbani kwa mtu mpaka akaribishwe. Angel, mpenzi wa Buffy, alikwisha kukaribishwa katika msimu wa kwanza, wakati ambapo kumkaribisha kulikuwa tendo la imani. Anapopoteza roho katika msimu wa pili, mwaliko ule bado una nguvu: katika sehemu ya “Passion” anaingia usiku chumbani kwa Buffy na kumwachia kando ya mto mchoro wa sura yake akiwa usingizini. Hakuna damu iliyomwagika, na bado hilo ni mojawapo ya matukio ya kutisha kuliko yote, kwa kuwa mlango ulifunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe. Miaka 3 baadaye kizingiti kinarudi kwa Spike, mnyonya damu mwingine anayempenda Buffy bila kupendwa. Februari 2001 mwaliko wake unafutwa kwa uganga, na Spike anagota mlangoni kama aliyepiga ukuta. Mei mwaka huohuo, saa chache kabla ya vita vya mwisho, anasimama tena pale nje akidhani ataachwa, na Buffy anamwambia aingie. Msamaha ambao ungehitaji hotuba ndefu unatimia kwa hatua moja ya mguu.

“Passion” ina pia kidokezo kilichowekwa wazi kuliko vyote. Jenny Calendar, mwalimu wa kompyuta, amefaulu kutafsiri maneno ya kumrudishia Angel roho na kuyahifadhi katika disketi. Angel anavunja kompyuta, anachoma karatasi zilizochapishwa na kumuua Jenny. Mwishoni mwa sehemu disketi inaangukia kwenye upenyo kati ya meza na kabati, na kamera inakaa hapo muda wa kutosha kila mtu aione, isipokuwa wahusika. Hiyo ilikuwa tarehe 24 Februari 1998. Mtazamaji alibebeshwa siri hiyo wiki baada ya wiki mpaka tarehe 12 Mei, penseli ilipoanguka palepale na Buffy akainama kuiokota. Dawa inapatikana, lakini imechelewa: Angel anarudishiwa roho wakati ambapo mlango wa jehanamu umekwisha kufunguliwa na ni damu yake tu inayoweza kuufunga. Buffy anamchoma upanga mtu yuleyule aliyekuwa akimngojea. Kidokezo kiliahidi wokovu, na ahadi hiyo ndiyo iliyouzidishia msiba uzito.

Utabiri ni jambo jingine, ingawa hufanana na udokezi. Utabiri huwafikia wahusika. Udokezi humfikia mtazamaji. Msimu wa kwanza unafungwa kwa utabiri ulioandikwa kitabuni kwamba Buffy atakutana na Bwana wa wanyonya damu na kufa. Anakufa kweli, kwa kuzama majini, kisha rafiki yake Xander anampulizia pumzi na kumrudisha. Neno limetimia bila kumaliza habari. Ndoto za Buffy husimama katikati ya hizo mbili, maana ni maono yake na pia ni kazi ya kamera. Katika “Surprise”, sehemu iliyotangulia anguko la Angel, mama yake anamuuliza ndotoni kama kweli yuko tayari, huku kisahani kikimponyoka na kuvunjika. Asubuhi mama anauliza swali hilohilo jikoni, akizungumzia leseni ya udereva, na chombo kinavunjika kweli. Udereva si mada hata kidogo. Kilichoulizwa ni kama binti huyo yuko tayari kuwa mwanamke mzima, na jibu linafika upesi.

Mfano unaosifiwa kuliko yote unahusu Dawn, mdogo wake Buffy, anayetokea ghafla Septemba 2000 kana kwamba amekuwepo siku zote. Mwishoni mwa msimu wa tatu, katika ndoto anayoiona Buffy, Faith, Muuaji mwenzake aliyegeuka adui, anataja msichana wa wimbo wa watoto anayehesabu kurudi nyuma kutoka 730. Siku 730 ni miaka 2, na takriban miaka 2 baadaye Buffy anajitoa mhanga kumwokoa Dawn. Katika “Restless”, mwaka mmoja kabla ya kifo hicho, saa ya chumbani inaonyesha 7:30 na Buffy anaambiwa kwamba haiko sawa. Hesabu hiyo inapendeza, lakini inamfurahisha zaidi aliyekwisha kujua mwisho. Kitanda kina nguvu zaidi. Februari 2000, katika ndoto ya Faith akiwa hajitambui hospitalini, yeye na Buffy wanatandika kitanda pamoja na kuongea kuhusu mdogo anayekuja. Ndani ya “Restless” Buffy anakitazama kitanda hicho na kusema kwamba yeye na Faith ndio waliokitandika, naye rafiki yao Tara anauliza: kwa ajili ya nani? Mashuka safi yanayomngojea mtu asiyejulikana yanaeleweka na kila mtu, hata asiyehesabu siku. Zaidi ya hapo yanasema kitu kuhusu mabinti wawili wanaochukiana, ambao ndotoni wanashika shuka moja huku na huku.

“Restless” yenyewe ni ndoto 4 za marafiki 4, na imejaa alama kiasi cha kumchosha mtazamaji mvivu. Mama yake Buffy anaonekana akiishi ndani ya ukuta, na binti anamwacha humo akaendelea na safari. Miezi 9 baadaye mama huyo amefariki. Kwenye ndoto zote anapita mtu mwenye vipande vya jibini. Whedon alieleza wazi kwamba mtu huyo hana maana yoyote, na uamuzi huo ni wa busara: ndoto ambayo kila kitu ndani yake ni fumbo haifanani na ndoto ya binadamu.

Kifo cha mama, Joyce, kinaonyesha upande mgumu zaidi wa ufundi huu. Katika msimu wa tano anaanza kuumwa kichwa, anagunduliwa uvimbe kwenye ubongo, anapasuliwa, anapona. Mtazamaji anashusha pumzi, kwa kuwa kidokezo kimeshalipwa. Ndipo Buffy anapoingia nyumbani mchana mmoja, anakuta maua yaliyoletwa na mwanamume aliyeanza kumpenda mama yake, na mama mwenyewe amelala kwenye sofa, amekufa. Sehemu inayofuata, “The Body”, iliyorushwa tarehe 27 Februari 2001, haina muziki wa usuli hata kidogo. Katika tamthilia ambayo kila janga lina shetani wake, kifo hiki hakina shetani wa kupigana naye, na taashira zimenyamazishwa ili msiba ubaki msiba. Kazi hiyo haikuwezekana kwa waandishi ambao hawakuwa wamejenga kwanza desturi ya kutoa ishara.

Willow, rafiki wa Buffy, ndiye aliyesukwa kwa muda mrefu zaidi. Februari 1999, katika “Doppelgangland”, msichana huyu mpole anakutana na nafsi yake kutoka ulimwengu mwingine, ambako yeye ni mnyonya damu: mkatili, mwenye kujiamini, anayevutiwa na wanawake. Buffy anamliwaza kwamba mnyonya damu hana uhusiano na mtu aliyekuwa zamani. Angel anafungua kinywa kumsahihisha, anatazamwa, anakubaliana naye. Tukio ni la kuchekesha na linapita upesi. Kabla ya mwaka kwisha Willow anakutana na Tara, mwanamke atakayempenda. Na kufikia mwaka 2002, Tara alipouawa kwa risasi, uganga wa Willow umekuwa silaha ya kulipiza kisasi.

Njiani, waandishi waliteleza. Katika “Wrecked” ya Novemba 2001 uganga unafananishwa na dawa za kulevya kwa uwazi mno: kuna mwuzaji, kuna mitetemeko, kuna kujuta. Taashira iliyokuwa na maana nyingi, za elimu, mapenzi na uwezo, ikabanwa kuwa moja, nayo ikapungua. Lakini katika “Villains”, sehemu ya tarehe 14 Mei 2002, Willow anamshika muuaji wa Tara, na kabla ya kumchuna ngozi anasema kwa sauti ya chini kwamba amechoshwa. Ni maneno mawili tu ya Kiingereza, yaleyale aliyopenda kuyatamka yule mnyonya damu mwenye sura yake miaka 3 nyuma. Hakuna mhusika anayeyafafanua, wala picha ya zamani hairudishwi kumkumbusha aliyesahau.