Pika Gundi, Usipike Rangi

Mzazi anayetaka kuwaandalia watoto rangi za asili kwa sherehe ya kuzaliwa mara nyingi huanza kwa kuchemsha bitiruti. Maji ya sufuriani hupendeza kwa wekundu, lakini yakipakwa kwenye karatasi huchuruzika, huikunja karatasi, na yakikauka huacha doa hafifu la kahawia. Wengi hukata tamaa hapo na kukimbilia dukani. Bitiruti haina kosa. Kosa limo katika mpangilio wa kazi: kilichohitaji moto hakikupikwa, na kisichouhitaji kikachemshwa.

Rangi yoyote ya kupaka ina mambo matatu: kitu chenye rangi, gundi ya kukishikilia, na kimiminika cha kukibeba. Wagikuyu wa kale walilielewa jambo hili vizuri. Thiriga, udongo mwekundu wenye chuma, ilichanganywa na mafuta ilipopakwa mwilini, kwa kuwa udongo mkavu hupukutika kwenye ngozi. Wavulana waliokaribia kutahiriwa walicheza ngoma wakiwa wamevaa ndome, ngao ya mbao iliyochorwa nakshi, na weupe wa ira, udongo mweupe, ulikuwa na nafasi yake katika sherehe za jando. Ujuzi wa kuchagua udongo na kuupa kitu cha kuushikilia ulikuwepo kwenye miteremko ya Mlima Kenya kabla ya kopo la kwanza la rangi kufika.

Kianyaga, iliyoko kusini mwa mlima huo katika Kaunti ya Kirinyaga, ina kila kinachohitajika. Tuanze na gundi. Huko chini Mwea wanalima mpunga, na mchele wa chenga, ambao ni wa bei nafuu, unatosha kabisa ukisagwa. Wanga wa mchele umo katika punje ndogo zilizojikaza. Joto likifika nyuzi 65 hadi 75 hivi za selisiasi, punje hizo hunywa maji, hufura na kuachia nyuzi zinazonata. Ndiyo maana uji hubaki mwepesi kwa muda, halafu huwa mzito kwa ghafla. Chukua kikombe 1 cha unga na vikombe 5 vya maji. Vuruga unga kwa maji baridi kwanza ili usifanye mabonge, weka kwenye moto mdogo, na koroga bila kuacha mpaka mwiko uache njia inayoonekana chini ya sufuria. Epua, funika, uache upoe kabisa. Hapo tu ndipo rangi inapoingia.

Rangi zenyewe zimegawanyika katika makundi mawili, na kila moja lina kanuni zake. La kwanza ni la udongo, mkaa na maganda ya mayai. Hizi haziogopi jua wala joto la sufuria. Udongo mwekundu wa mashamba ya chai na kahawa ya Kianyaga umepata rangi yake kutokana na oksidi za chuma, na una mfinyanzi mwingi ulioshikana katika vipande vidogo vigumu. Kwa hiyo usiishie kuuchekecha. Upondeponde ndani ya maji kwanza. Kisha jaza chombo cha kina cha sentimita 10, koroga, na subiri dakika moja. Mchanga hutua chini kwa sekunde 40 hivi, ilhali chembe laini kabisa za mfinyanzi huchukua takriban saa 8 au zaidi. Mimina maji mekundu ya juu kwenye chombo kingine na uyaache usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yaliyotakata. Tope laini lililobaki ndilo rangi. Mkaa usagwe ukiwa umeloa, vumbi lake lisiingie kifuani. Maganda ya mayai, ambayo karibu yote ni kalisi kaboneti, yachemshwe dakika 10, yakaushwe, yasagwe na kuchekechwa: hayo ndiyo meupe.

Kundi la pili ni la mimea, nalo ndilo linaloharibiwa na sufuria. Rangi ya bitiruti huvunjika kwa joto na kwa mwanga. Ikwaruze ikiwa mbichi, ikamue kwa kitambaa safi, na tia matone ya ndimu, kwani asidi kidogo huitunza. Kijani cha sukuma wiki au terere (mchicha) ni kinyume: asidi na joto huondoa magnesi iliyomo na kukigeuza kuwa rangi ya majani makavu. Twanga majani mabichi, yakamue, na tia chembe ya magadi, yale yale ambayo wapishi hutumia mboga zisififie. Lakini usiyakaribishe magadi kwenye manjano, kiungo kinachotoa rangi ya njano, maana yataigeuza kuwa nyekundu ya kahawia. Kabeji ya zambarau ndiyo tamu zaidi kwa watoto. Juisi yake huwa pinki kwa ndimu na buluu au kijani kwa magadi, basi gawa bakuli moja mara tatu na uwaache waone mabadiliko wenyewe.

Usalama unahitaji uangalifu uleule. Rangi ya asili inaweza kudhuru. Chimba udongo chini ya tabaka lenye samadi na dawa za shambani, na chemsha tope ili kuua mayai ya minyoo. Nunua mzizi wa manjano badala ya unga usioujua: utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba huko Bangladesh wafanyabiashara walitia kromati ya risasi kwenye manjano ili ing'ae. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, ndiyo sababu Umoja wa Mataifa unapendekeza isizidi sehemu 90 kwa milioni katika rangi. Gundi ya mchele huchacha, kwa hiyo ipike asubuhi ya sherehe na uimwage jioni. Watoto wapake kwenye karatasi au maboksi, si usoni. Manjano ikiingia kwenye nguo, ifue nguo hiyo na kuianika juani. Mwanga ule ule unaofifisha picha utafifisha na doa.

Kwa hiyo panga picha kulingana na umri wa rangi zake. Michoro ya kubaki ukutani itumie udongo, mkaa na maganda ya mayai. Bitiruti na kabeji ziwe za kuchezea siku hiyo, na picha zake zikaushwe kivulini. Walimu na wazazi wanaosumbuliwa na gharama za vifaa vya sanaa chini ya mtaala wa umilisi wana sababu nzuri ya kujaribu njia hii, kwa kuwa mtoto aliyekoroga udongo wa kwao na kuona mchanga ukitua amejifunza sayansi kabla hajashika brashi.