Kona ya Chama haikuanzia kwenye kibendera

Bao la Patson Daka wa Zambia lililosawazisha 1-1 dhidi ya Taifa Stars pale San-Pedro, Ivory Coast, mwaka 2024, limeshaitwa bahati mbaya, limeitwa ukosefu wa umakini, limeitwa hata ushirikina. Mimi naliita uamuzi. Lilianza kutengenezwa wakati wa mapumziko, pale timu iliyokuwa mbele kwa bao moja na yenye watu kumi na moja uwanjani ilipokubali kurudi kipindi cha pili kulinda, dhidi ya watu kumi. Dakika ya 88 ilikuwa tarehe ya malipo tu. Anayemlaumu beki aliyezidiwa na Daka hewani anamlaumu mtu wa mwisho kwenye foleni.

Kipindi cha kwanza sina ugomvi nacho. Samatta alimtengea Msuva, Msuva akafunga dakika ya 11, na Roderick Kabwe wa Zambia akajiondoa mwenyewe kwa kadi ya pili ya njano dakika ya 44. Hakuna Mtanzania aliyewahi kuandikiwa mazingira mazuri kuliko hayo kwenye fainali za Mataifa ya Afrika. Hatukuwa na ushindi hata mmoja tangu Lagos 1980, na sasa tulikuwa na dakika 45, bao mkononi na mtu wa ziada.

Swali la kiufundi lilikuwa moja tu: huyu mtu wa ziada anakwenda kukaa wapi?

Timu iliyopungukiwa na mtu huwa na tundu, na kazi ya kocha wake, Avram Grant kwa siku ile, ni kuamua tundu hilo liwe wapi. Akimtoa mshambuliaji, mbele hana mtu wa kushika mpira. Akiacha washambuliaji wake, basi winga mmoja anafanya kazi ya wawili, na beki wa upande huo anabaki peke yake kila mpira unapohamishwa haraka. Dawa yake inajulikana na kila aliyewahi kukaa benchi hata la ligi ya wilaya. Tanua uwanja. Mawinga wakanyage chaki. Hamisha mpira kutoka kushoto kwenda kulia na urudishe tena, bila papara, hadi yule aliye peke yake achelewe hatua mbili. San-Pedro ni mji wa pwani, Ghuba ya Guinea, joto lenye unyevu unaoganda mwilini. Katika hewa ile anayeukimbiza mpira ndiye anayekufa, na Zambia ndio waliopaswa kuukimbiza.

Sisi tukawapa. Tulisogea nyuma, mstari baada ya mstari, na kadiri tulivyosogea ndivyo faida yetu ilivyoyeyuka. Hapa ndipo ninapogombana na wanaosema kwamba kulinda ukiwa na mtu zaidi ni rahisi. Ukijazana kwenye theluthi yako ya mwisho, yule mtu wa kumi na moja hana kazi. Anasimama bega kwa bega na mwenzake, wawili wanamkaba mmoja, na nje ya boksi kuna Mzambia anayepokea mpira bila bughudha, anainua kichwa, anachagua. Kadi nyekundu ya Kabwe ilikuwa na thamani katikati ya uwanja na pembeni. Ndani ya boksi letu haikuwa na thamani yoyote.

Na kwenye kona ilikuwa na thamani ndogo kuliko mahali pengine popote. Nataka nikae hapa kidogo, maana sijaona mchambuzi hata mmoja wa redio akiligusa hili.

Hesabu ni hii. Timu kamili ikipiga kona, mmoja ni kipa, wawili wanabaki nyuma, mmoja anapiga, saba wanabaki kwa ajili ya boksi na ukingo wake. Timu ya watu kumi ikipiga kona ileile, hao saba wanakuwa sita. Basi. Tofauti nzima ya kadi nyekundu imekuwa mtu mmoja kati ya kundi la watu wanaosukumana, na mpira ni mmoja na kichwa kinachohitajika ni kimoja. Zaidi ya hapo, mpigaji habughudhiwi. Sheria inampa mita 9.15 za usalama. Ile presha ambayo ungemtia uwanjani kwa kuwa ninyi ni wengi, pale kwenye kibendera hairuhusiwi. Mpira uliokufa ni mahali pekee ambapo watu kumi ni sawa na kumi na moja, na timu yoyote iliyo pungufu inayojua mpira itafanya kila njia iupate huo.

Sasa fikiria aliyesimama kwenye kibendera. Clatous Chama! Mwamba wa Lusaka, mtu ambaye wakati ule tulikuwa tukimwona akiwa na jezi ya Simba, na mguu wake tunaujua kuliko Wazambia wenyewe wanavyoujua. Wapinzani wengine tunahitaji kuwasoma kwenye video. Huyu tumemshangilia wenyewe, na waliomkaba kwenye ligi walikuwa wamejaa kikosini. Katika kibanda umiza nilikoitazama mechi hapa Tukuyu, mvua ikipiga bati hadi sauti ya mtangazaji ikapotea, kijana mmoja mwenye jezi ya Simba alimwona Chama akiuweka mpira, akageuza uso akatazama ukutani. Alijua. Kibanda kizima kilijua.

Kama kibanda kilijua, benchi la ufundi lilipaswa kujua mapema zaidi, dakika ya 60, dakika ya 70, kwamba mchezo ulikuwa unasogezwa taratibu kuelekea kwenye mguu ule. Kona haishuki kutoka mbinguni. Ni zao la krosi iliyozuiwa, shuti lililomgonga beki, mpira uliotolewa kwa hofu. Ni zao la kuchezea nyumbani kwako. Ukiwa na mpira kwenye kibendera cha wenzako huwezi kufungwa kwa kona.

Hata ukishaitoa, bado kuna la kufanya. Waache wawili mstari wa katikati, wenye mbio, wasirudi hata wakiitwa. Mpinzani mwenye watu kumi atalazimika kubakiza watatu wa kuwachunga, na kipa wake, na mpigaji. Waliobaki kwa ajili ya boksi ni watano tu. Hapo ndipo mtu wa ziada anapoanza tena kuwa na maana. Lakini hilo linahitaji timu ambayo kichwani mwake bado inashambulia. Timu iliyokwisha kuamua kulinda huwarudisha wote, inajaza boksi, inamzibia kipa njia, halafu inaomba Mungu.

Mvua ya Tukuyu ukiisubiri iishe ndipo utoke, utalala hapohapo ulipojikinga. Ndivyo tulivyokuwa tukiisubiri filimbi ya mwisho.

Najua nitajibiwa kwa Annaba. Septemba 2023 tulikwenda Algeria, tukalinda dakika zote tisini, tukatoka 0-0, tukafuzu. Ni kweli, na kazi ile ilikuwa nzuri. Ila Annaba sare ilikuwa inatosha, wenyeji walikuwa wamekwisha kufuzu, na tulikuwa kumi na moja kwa kumi na moja. San-Pedro sare ilikuwa hasara. Kuchukua dawa ya ugonjwa mmoja na kuinywa kwa ugonjwa mwingine ni kutokusoma mchezo.

Nitajibiwa pia kwamba benchi lilikuwa la dharura. Adel Amrouche alikuwa amefungiwa na CAF mechi nane kwa maneno yake kuhusu Morocco, na Hemed Suleiman akisaidiana na Juma Mgunda walikabidhiwa timu katikati ya mashindano. Hilo nalipokea, na sitawabebesha mzigo wa miaka yote. Walikuwa pia bila Novatus Miroshi, aliyepewa kadi nyekundu dhidi ya Morocco. Lakini uamuzi wa kusogea mbele ukiwa na mtu zaidi hauhitaji wiki tatu za kambi.

Na mzigo wa miaka yote upo. Huu ni ugonjwa wa zamani, nimeuandika mara nyingi hadi wahariri wamechoka nao. Cairo, Juni 2019, tuliwatangulia Kenya mara mbili. Msuva dakika ya 6, Samatta dakika ya 40, sekunde chache baada ya Olunga kusawazisha. Tukaenda mapumziko tukiongoza, tukarudi tumepoa, tukafungwa 3-2. Na kabla ya hapo, CHAN ya 2009, nchi hiyohiyo ya Ivory Coast, wapinzani haohao Zambia, matokeo hayohayo 1-1. Shadrack Nsajigwa alifunga penalti mwishoni mwa mchezo, tukawa tumeshika tiketi ya nusu fainali, Zambia wakasawazisha katika dakika za nyongeza. Miaka kumi na mitano baadaye tumerudi palepale tukaanguka kwenye shimo lilelile, na bado kuna watu wanaoliita bahati mbaya.

Wazee wa vijana hawa wa Taifa Stars walifanya vingine. Ndola, Agosti 1979. Taifa Stars ya Joel Bendera ilikwenda na bao moja la Mohamed Rishard Adolph walilolipata Dar es Salaam. Hiyo ndiyo ilikuwa mali ya kulinda kuliko zote, ugenini, mbele ya Wazambia waliojaa uwanja. Zambia wakapata bao lao, hesabu ikawa sawa, na kila mwenye akili ya kawaida angesema rudini nyuma msubiri. Dakika ya 85 Peter Tino alikuwa mbele. Siyo kwenye boksi letu, mbele, upande wa kwao. Akafunga, na nchi ikaenda Lagos. Sisi tuliokua na redio za mkulima tunalikumbuka bao lile kwa masikio, na nasema bila kusita kwamba Tino na Adolph walikuwa na mbio chache kuliko Msuva lakini walikuwa na akili ya mchezo zaidi. Walijua kwamba dakika tano za mwisho ni za yule anayezitaka.

Na hapa Rungwe tulikuwa na mfano wetu ambao Dar es Salaam haipendi kuukumbuka. Tukuyu Stars, Banyambala, walipanda daraja na kuchukua ubingwa wa Tanzania msimu huohuo, 1986. Timu ya mji wa migomba na chai, isiyo na tajiri wala jengo Kariakoo. Hawakufika pale kwa kulinda bao moja. Walikuwa wakipata la kwanza wanalitafuta la pili kabla wapinzani hawajamaliza kulaumiana, na nikisikia leo mchambuzi kijana anaeleza kwamba ukiwa timu ndogo lazima upaki basi, najua hajawahi kusimuliwa 1986. Sekilojo Chambua alipitia kwa Banyambala kabla ya kwenda Yanga. Ungempa Chambua kiungo cha San-Pedro, mtu mmoja zaidi na bao mkononi, mpira ungekaa upande wa Zambia hadi Daka asahau rangi ya mpira wenyewe.

Miaka ilivyokwenda wachezaji wetu walibebwa mmoja mmoja kwenda mjini na timu ikashuka, lakini hilo nina makala yake nyingine. Mbeya City walipomaliza nafasi ya tatu kwenye msimu wao wa kwanza wa Ligi Kuu, 2013/14, chini ya Juma Mwambusi, ilikuwa ni damu ileile: kuingia bila kuomba ruhusa. Ndiyo maana huku Nyanda za Juu Kusini sare ya San-Pedro imetuuma kwa namna yake. Tunduma, mpakani na Zambia, iko karibu nasi kuliko Dodoma. Wazambia tunawajua, tunafanya nao biashara, na kwa mechi yao na sisi huwa tunalipana maneno mpakani mwaka mzima. Huwa hawakati tamaa wakiwa pungufu. Kuwaachia mpira kwa kutegemea kwamba watachoka ni kutowajua.

Kilichotakiwa kilikuwa kidogo. Si kushambulia kwa wazimu. Beki mmoja wa pembeni apande na abaki juu. Kiungo wetu Feisal Salum apewe mpira akiwa amegeukia lango lao, siyo akiwa amelipa mgongo. Ikifika dakika ya 65, mshambuliaji mwenye miguu mipya aingie kwa ajili ya kumfanya beki wa kati wa Zambia akimbie kurudi kwao. Hata bila bao la pili, Zambia wangekuwa wakipata mipira yao mita sitini kutoka kwenye lango letu, na Chama angekuwa akiomba pasi badala ya kuweka mpira kwenye kibendera.

Siku tatu baadaye tulitoka 0-0 na DR Kongo kule Korhogo, mechi ambayo ilihitaji ushindi tu kwa sababu ya kona ile. Tukamaliza mkiani na pointi mbili. Kongo walichukua nafasi ya pili ya kundi kwa sare tatu, pointi tatu, bila kushinda mechi hata moja ya kundi. Kwa ushindi dhidi ya Zambia na sare ileile ya Korhogo tungekuwa na nne. Wao ndio waliokwenda kuwatoa Misri kwa penalti, wakawafunga Guinea 3-1, wakafika nusu fainali.