Jiwe Ndilo Boksi: Jiokashi Kwenye Miamba ya Lushoto

Milima ya Usambara haikuzaliwa na volkano. Mgeni aliyetoka Kilimanjaro au Ngorongoro, akapanda barabara ya kona nyingi kutoka Mombo hadi Lushoto na kuona majabali yaliyosimama wima juu ya bonde, hudhani anatazama lava iliyoganda. Sivyo. Miamba hii ni naisi, mawe yaliyobadilishwa na joto na mgandamizo chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Baadaye sana ardhi ikapasuka, upande mmoja ukanyanyuka na mwingine ukabaki chini. Kwa anayetaka kuleta mchezo wa jiokashi Lushoto, historia hiyo ya mawe ina kazi kubwa: ndiyo inayoamua kifichwe nini, wapi, na kama kuna haja ya kuficha chochote.

Jiokashi ni mchezo wa kutafuta kitu kilichofichwa kwa kuongozwa na latitudo na longitudo. Anayeficha huweka boksi lisilopitisha maji, ndani yake daftari la kuandika majina na pengine vitu vidogo vya kubadilishana, kisha hutangaza koordineti. Anayetafuta huja na simu au kifaa cha GPS, akilipata huandika jina na kulirudisha boksi palepale.

Mchezo huu ulizaliwa na uamuzi wa serikali. Hadi mwaka 2000 jeshi la Marekani lilikuwa likiyavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, hivyo kifaa cha kawaida kiliweza kukosea hadi mita 100. Rais Bill Clinton alitangaza mwisho wa utaratibu huo, na usiku wa kuamkia Mei 2 uvurugaji ukazimwa. Mei 3, Mmarekani Dave Ulmer aliweka ndoo nyeusi msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza koordineti zake ili kupima kama mtu mwingine ataipata. Ilipatikana siku chache tu baadaye. Ndoo ile ilifukiwa nusu yake ardhini, jambo ambalo sheria za mchezo za leo zinalikataza bila ruhusa ya mwenye ardhi.

Sasa tulipeleke boksi hilo milimani kwetu. Kwenye nchi ya volkano kuficha ni rahisi. Lava inapopoa huacha matundu ya gesi, nyufa pana na mapango madogo, na boksi hupata makazi bila kung'oa wala kusogeza kitu. Shida ya huko ni ya dira: basalti nyingi zina madini yenye sumaku, na sindano ya dira ikiwekwa karibu na mwamba yaweza kupotosha mwelekeo. Naisi ya Usambara ina tabia nyingine. Hupasuka kwa mabapa, na nyufa zake za kivulini hushika unyevu na udongo kidogo. Huo ndio udongo unaotosha mimea midogo ya msituni, ikiwemo Saintpaulia, ua ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani wa Tanga, alilipeleka Ulaya mwaka 1892 na ambalo leo hupambia madirisha ya nyumba duniani kote. Aina mojawapo imepewa jina la Shume, hapohapo Usambara Magharibi. Watafutaji kumi wakipapasa ufa mmoja baada ya mwingine wakisaka boksi, watakwangua mimea iliyochukua miaka kushika jiwe. Nyufa zinazofaa boksi ndizo zinazofaa ua, na hapo mchezo unagongana na hifadhi.

Kuna mgongano wa pili, wa watu. Usambara si pori tupu. Mabonde yake yamelimwa, njia za miguu zinapita mashambani, na watoto hupita kila siku wakikata majani ya ng'ombe au kuokota kuni. Boksi la plastiki chini ya jabali halitakaa wiki nzima bila kuonwa. Likiwa karibu na msitu mdogo wa tambiko wa Wasambaa, litazua maswali mazito zaidi: nani kaliweka, na kwa nia gani? Mgeni anayeinama chini ya mwamba akipapasa na kuchungulia bila kuaga wenyeji anastahili kutiliwa shaka.

Tatizo hili liliwahi kuwakabili wenye hifadhi kwingineko, na ufumbuzi wao ndio unaotufaa. Mwaka 2004 Jumuiya ya Jiolojia ya Marekani ilishiriki kuanzisha aina ya jiokashi isiyo na boksi, inayoitwa EarthCache. Ya kwanza iliwekwa Wasp Head, pwani ya New South Wales nchini Australia. Muundaji hatoi kitu cha kutafuta. Hutoa koordineti, maelezo mafupi ya jiolojia ya mahali hapo, na maswali ambayo majibu yake yanapatikana kwa mtu aliyesimama pale tu. Mchezaji hutazama, hupima, hutuma majibu kwa muundaji, kisha huhesabiwa kuwa amepata. Hakuna kinachoachwa wala kinachochukuliwa. Jiwe lenyewe ndilo boksi.

Ugumu wake unahamia kwingine. Boksi likiwekwa vibaya, mtafutaji bado anaweza kulipata kwa macho. EarthCache yenye namba mbovu au swali bovu haina kitu cha kumwokoa. Kwa hiyo kazi ya muundaji ina sehemu mbili: namba na swali.

Tuanze na namba. Mji wa Lushoto uko takriban nyuzi 4 dakika 47 kusini, na nyuzi 38 dakika 17 mashariki. Wachezaji wa jiokashi huandika nyuzi, kisha dakika zenye desimali tatu, na desimali ya mwisho ina thamani ya mita mbili hivi kwenye ardhi. Makosa matatu huharibu mpangilio huo.

La kwanza ni kusahau herufi S. Ukiiacha, kifaa hudhani uko kaskazini mwa ikweta na kukupeleka upande wa Yabelo, kusini mwa Ethiopia. La pili ni kuchanganya dakika na desimali. Nyuzi 4 na dakika 47 si 4.47, ni 4.78, kwa kuwa dakika ni 60 katika nyuzi moja. Anayeandika 4.47 na 38.17 atajikuta kama kilomita 37 kutoka Lushoto, upande wa kijiji cha Mtae. Makosa haya mawili yana heri moja: ni makubwa kiasi kwamba ramani itakushtua mapema.

La tatu ndilo la hatari, kwa sababu ni dogo. Ramani za zamani za Tanzania za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, uliojengwa juu ya umbo la dunia lililokadiriwa na mtaalamu Clarke mwaka 1880. Simu na vifaa vya GPS hutumia mfumo wa WGS84. Mahali palepale huwa na namba mbili tofauti, na ukisoma namba kwenye ramani ya karatasi na kuziingiza kwenye simu bila kuzigeuza, utaelekezwa kama mita 300 mbali, zaidi upande wa kaskazini. Uwandani ni mwendo wa dakika chache. Kwenye ukingo kama wa Irente, karibu na mji wa Lushoto, ambako ardhi inaporomoka kwa mamia ya mita kuelekea tambarare ya Mazinde, mita 300 zaweza kuwa tofauti ya ardhi na hewa. Kanuni ni nyepesi: namba zichukuliwe mahali penyewe, kwa GPS, na zisitolewe kwenye ramani.

Hata namba za GPS zinahitaji uangalifu milimani. Kifaa kinahitaji satelaiti nne angalau: tatu za kupata mahali, na ya nne ya kurekebisha saa yake, kwa kuwa kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde hugeuka mita 300 za umbali. Satelaiti za GPS huzunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200. Ndani ya bonde jembamba mlima hufunika nusu ya anga, na satelaiti zinazobaki hujikusanya juu ya kichwa, hali inayopunguza usahihi. Ukuta wa mwamba nao hurudisha mawimbi, kifaa kikasoma safari ndefu kuliko ya kweli, na majani yaliyolowa ukungu huyadhoofisha zaidi. Dawa yake ni kusimama mahali penye anga wazi, kuacha kifaa kitulie, kuchukua vipimo mara kadhaa kwa saa tofauti na kutafuta wastani. Simu zinazosoma pia satelaiti za Urusi, Ulaya na China zina nafuu kubwa katika mabonde ya aina hii.

Baada ya yote hayo, kosa la mita tano hadi kumi bado lipo. Hivyo pahali pa kusimama Irente pawe nyuma ya ukingo kwa umbali unaozidi mara mbili ya kosa hilo. Muundaji anayetangaza koordineti za ncha ya jabali kwa sababu picha inapendeza hapo, ametega mtego.

Tuje kwenye swali. Swali la kuuliza jabali la Irente lina kimo gani ni bovu, kwa sababu linajibika nyumbani Dodoma. Swali zuri humlazimisha mtu kuinama. Naisi ina mistari myeupe na myeusi inayopishana: mistari hiyo inaelekea upande gani wa dira, na mweupe mpana kuliko yote una upana wa vidole vingapi? Je, kuna chembe nyekundu za ganeti, na ziko kwenye mstari mweusi au mweupe? La tatu limpeleke kwenye mandhari: simu inasema uko kimo gani, na kwa kuwa Mombo, iliyo chini, iko kwenye kimo cha mita 400 hivi, ni nguvu gani iliyoweza kutenganisha ngazi mbili hizo za ardhi? Hapo mchezaji atafika mwenyewe kwenye jibu kwamba ni ufa, si volkano.

Mwisho ni ruhusa, ambayo EarthCache haiifuti. Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, wenye taratibu zake za kiingilio na waongozaji. Shamba la Irente ni la Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Kwingine ni ardhi ya kijiji, na ofisi ya kijiji ndipo pa kuanzia.

Uamuzi wangu ni kwamba boksi halina nafasi kwenye miamba ya Usambara, iwe ndani ya hifadhi au nje yake. EarthCache inayo, na gharama yake ni simu moja, vipimo vya subira na maswali matatu yaliyofikiriwa vizuri. Waongoza watalii wa Lushoto wanayajua mawe haya kuliko mgeni yeyote atakayekuja na kifaa. Waanze wao kuandika maswali, kabla mtu wa mbali hajaja kuwaandikia kwamba Usambara ni volkano iliyolala.